Barafu inayowaka: tunahofia kisichostahili

Kipande cha haidreti ya methani, yaani barafu iliyonasa methani (gesi iliyo sehemu kuu ya gesi asilia), ukikisogezea kiberiti hushika moto huku maji yakichuruzika. Picha hiyo imezagaa, na ndiyo inayoniletea maswali mawili yaleyale: mbona hatuichimbi, na je, itakuja kulipuka ituangamize?

Yote mawili hujibiwa na umbile lake. Molekuli za maji zimeunda vizimba, na ndani yake methani imenaswa. Meta moja ya ujazo ikivunjika hutoa takriban meta 160 za ujazo za gesi. Ila vizimba hivyo vinahitaji baridi na shinikizo kubwa, ndiyo maana tunavikuta ndani ya mashapo (tope na mchanga uliotuama) ya bahari yenye kina cha mamia ya meta, au chini ya ardhi iliyoganda ya Aktiki.

Kuichimba, basi, ni kuivunja hukohuko chini. Unavuta maji kisimani, shinikizo linashuka, gesi inapanda. Mwaka 2013 Japani ilijaribu hivyo huko Nankai, kwenye bahari ya pwani yake ya Pasifiki, mara ya kwanza baharini. Siku ya sita mchanga ukavamia kisima na kazi ikasimama. Si ajabu, maana mara nyingi haidreti yenyewe ndiyo gundi ya punje za mchanga. Mwaka 2020 China ilipata zaidi ya meta 860,000 za ujazo kwa siku 30 katika Bahari ya China Kusini. Wamepiga hatua, lakini kwa kisima cha bahari kuu hicho ni kiasi kidogo.

Kuhusu mlipuko, sikubaliani na vichwa vya habari vinavyotutisha kwamba methani hiyo itatoka ghafla na kuipasha dunia joto. Ni kweli kwamba kwa miaka 20 methani hupasha joto takriban mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Lakini haidreti nyingi zimefukiwa mbali sana, na joto huchukua karne nyingi kupenya hadi huko. Hata zikivunjika, vijidudu hula sehemu kubwa ya methani, na mapovu yanayoponyoka kwenye kina kirefu huyeyuka majini kabla ya kufika juu. (Msaada huo wa bahari si wa bure: methani inayoliwa majini huacha hewa ukaa, nayo huongeza asidi.) Pa kukodolea macho ni kwenye kina cha meta 300 hadi 500, ambako haidreti iko ukingoni mwa kuvunjika.

Mimi hunikosesha usingizi lile swali la kwanza. Naielewa Japani, inayoagiza karibu gesi yake yote kutoka nje. Lakini tatizo la mchanga likitatuliwa, ghala jingine kubwa la kaboni litakuwa limefunguliwa, na gesi yake ikichomwa hutoa hewa ukaa ileile ya gesi asilia nyingine, mbali na itakayovuja njiani.