Je, mjasiriamali huzaliwa tu?

Wengi wanaamini mjasiriamali huzaliwa, hivyo somo la ujasiriamali chuoni ni la kukariri tu. Imani hiyo ina chanzo: tunawajua wafanyabiashara hodari ambao hawakukanyaga chuo. Lakini nao walifundishwa, dukani kwa shangazi au sokoni.

Ujasiri pengine mtu huzaliwa nao, hesabu hujifunzwa. Mwanafunzi akiuza chapati 30 kwa shilingi 300 kila moja anapata 9,000. Unga, mafuta na mkaa vimekula 8,000, naye anaona faida. Akiandika na nauli ya 1,500, kumbe amepoteza 500.

Ukitaka kulipima somo la chuo chenu, omba muhtasari wake. Tazama kama wanafunzi hutoka kuzungumza na wateja na kutunza daftari la mauzo. Wakiishia kwenye mtihani wa maandishi, malalamiko kwamba somo ni la kukariri tu yana haki.