Risasi nzito haianguki kama jiwe

"Fundi, nipe nyepesi. Nzito zinaanguka kama jiwe."

Mwezi huu peke yake nimeambiwa hivyo mara tatu, na safari ya mwisho imeniuma kwa sababu ya bunduki yenyewe iliyoletwa mezani. Ilikuwa .223 ya bolti (namba ni kipenyo cha risasi kwa inchi), mtutu wa inchi 24, msokoto wa 1:8, yaani mikato ya ndani ya mtutu inaizungusha risasi mara moja kila inchi 8. Mtutu wa namna hiyo umechongwa kwa ajili ya risasi ndefu na nzito. Mwenyewe alikuwa anaulisha greini 40 na 50 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi, kama 15 kwa gramu moja), halafu anashangaa kwa nini koyoti, wale mbwa mwitu wadogo wa Amerika, wakiwa yadi 400 wanamkimbia wazima, au vibaya zaidi, wanakimbia na jeraha la tumbo. Hapa Wyoming, Marekani, sheria inamhesabu koyoti kuwa mnyama mla mifugo, anawindwa mwaka mzima, na wafugaji wa kondoo wanashukuru ukija. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kumwacha mnyama akateseke kwenye theluji mpaka afe siku mbili baadaye.

Imani hii ina mizizi. Mwaka 1935 kampuni ya bunduki ya Winchester walileta .220 Swift, risasi ya greini 48 iliyotangazwa kwa kasi ya futi 4,110 kwa sekunde. Wawindaji wa wanyama wadogo walipagawa, na tangu hapo namba ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi imekuwa ndiyo kipimo cha ubora. Mpaka yadi 200 sina ugomvi nao. Piga nyepesi, furahi. Ugomvi unaanza pale mtu anapoibeba imani hiyo hiyo hadi yadi 400.

Chukua risasi mbili za .223 moja. Ya kwanza ni greini 55, BC yake (kipimo cha uwezo wa kuipenya hewa; kubwa ndiyo bora) 0.255, inatoka mtutuni kwa futi 3,240 kwa sekunde. Ya pili ni greini 75, BC 0.467, inatoka kwa futi 2,790. Tofauti ni futi 450, na hapo ndipo mteja anapofunga hesabu. Mimi ndipo ninapoifungua. Zote mbili zipigiwe ziro yadi 200, yaani darubini irekebishwe zigonge pale pale unapolenga kwa umbali huo, hewa iwe ya usawa wa bahari. Kwenye yadi 300, ile nzito iko chini ya nyepesi kwa sentimeta 2 hivi. Kwenye yadi 400, sentimeta 3. Kwenye yadi 500 zimeshuka sawasawa, kama mita 1.16, na zinafika karibu kwa wakati mmoja. Sasa jiwe liko wapi hapo?

Nyepesi huondoka na pesa nyingi mfukoni na kuzitapanya njiani. Hewa inaibana, kasi inayeyuka. Mahali fulani kati ya yadi 200 na 300 zote mbili zinakwenda mwendo mmoja. Zikifika 500, nzito bado ina futi 1,890 hivi na nyepesi imebaki na 1,600. Kwa nguvu za kugonga, ni kama jouli 800 kwa 420. Yule uliyemwita jiwe amefika na karibu mara mbili ya mzigo.

Lakini hata hayo siyo sababu yangu kubwa. Sababu yangu ni upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikukata ubavuni, ile ya greini 55 inasukumwa sentimeta 53 kwenye yadi 400. Ya greini 75 inasukumwa 32. Kwenye yadi 500 ni 89 kwa 52. Na upepo wa kilomita 16 hapa tunauita siku tulivu.

Mdondoko una dawa, upepo hauna. Kipimaumbali cha leza kinakwambia yadi 412, unazungusha kirungu cha kurekebishia darubini, mambo yameisha. Dunia inavuta leo kama ilivyovuta jana. Upepo unaukisia. Wewe umelala nyuma ya kichuguu, nyasi mbele yako hazitikisiki. Katikati kuna bonde linalopitisha upepo kama bomba. Na kule alikosimama koyoti manyoya ya mgongo wake yanapeperuka kuelekea upande mwingine kabisa. Hakuna aliyeweka kipimaupepo pembeni ya koyoti. Kwa hiyo utakosea, nami ninakosea, na swali la kuuliza ni kosa lenyewe litakugharimu kiasi gani. Ukikosea kwa kilomita 5 tu kwenye yadi 400, nyepesi inakwenda sentimeta 16 kando, nzito 10. Kifua cha koyoti, pale penye moyo na mapafu, hakizidi sana kiganja kilichotanuliwa. Sentimeta 16 ni utumbo. Sentimeta 10 bado una tumaini la mbavu.

Basi mteja akishakubali, hukimbilia upande wa pili wa shimo. Ananunua nzito kuliko zote dukani na kuzitia kwenye bunduki ya babu.

"Mtutu ni mtutu, kipenyo si kile kile?"

Nina karatasi ya shabaha nimeibandika ukutani karakanani kwa ajili ya watu hawa. Ilipigwa kwa .22-250 ya zamani, bunduki ya kipenyo kile kile cha .223, yenye msokoto wa 1:14, risasi za greini 75, yadi 100 tu. Matundu siyo duara. Ni marefu, yana umbo la risasi iliyolala ubavu. Moja unaona wazi ncha upande huu na kitako upande ule. Risasi tano zilipigwa, matundu ni matatu. Mbili hazijulikani zilikokwenda, na hilo ni jambo la kuogofya kwa yeyote anayepiga kuelekea shamba la jirani.

Risasi inahitaji kuzungushwa vya kutosha ili ncha ibaki mbele, na kinachoamua ni urefu wake kuliko uzito. Mwanahisabati Greenhill aliliwekea fomula mwaka 1879, na bado watu wananijia wakiuliza "mtutu wangu unabeba greini ngapi?" Greini ni njia ya mkato tu. Risasi ya shaba tupu ni ndefu kuliko ile yenye kiini cha madini ya risasi ya uzito ule ule, kwa kuwa shaba ni nyepesi kwa ujazo. Anayewinda California, ambako tangu Julai 2019 risasi zenye madini ya risasi zimekatazwa kwa uwindaji wote, lazima alijue hilo. Greini 62 ya shaba inaweza kukataa kutulia kwenye mtutu uliokuwa ukiichapa 62 ya kawaida bila shida.

Makampuni makubwa yenyewe yameshaumia kwa msokoto. Mwaka 1955 Remington walitoa bunduki ya .244 kwa msokoto wa 1:12, Winchester wakatoa .243 kwa 1:10. Zote kipenyo kimoja. Yule wa 1:10 alibeba greini 100 kwa uhakika, wanunuzi wakahamia kwake, na Remington wakalazimika kuirudisha risasi yao sokoni mwaka 1963 kwa jina jipya, 6mm Remington, na msokoto wa 1:9. Na bunduki za kwanza za M16, zile za jeshi la Marekani, zilikuwa na msokoto wa 1:14, zikabadilishwa kuwa 1:12 baada ya kuonekana kwamba kwenye baridi kali, hewa ikiwa nzito, risasi inayumba. Koyoti tunamwinda Januari. Mtutu unaobeba risasi kwa shida mwezi wa saba usiuamini kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri.

Usiniulize mimi msokoto wako ni upi, na usiuamini mtandao. Upime. Funga kitambaa kilichobana kwenye fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka wenyewe. Isukume mpaka ishike mikato, tia alama ya wino juu ya fimbo pale inapoingilia mtutuni, kisha isukume taratibu huku ukiiangalia alama ikizunguka. Ikikamilisha mzunguko mmoja na kurudi juu, simama, pima fimbo imeingia inchi ngapi. Rudia mara tatu. Ukipata 12 au 14, baki na greini 55 na umbali unaolingana nazo. Ukipata 9, kuwa makini na jaribu kwenye karatasi kwanza, hasa ukishapita greini 70. Ukipata 8 au 7, karibu kwenye nzito.

Mengine nayapitia haraka.

Eti msokoto wa 1:7 unafaa kila kitu. Risasi nyepesi zenye ganda la nje jembamba, zile zilizotengenezwa zipasuke kwa kugusa tu, ukizitoa kwa futi 3,200 kwenye 1:7 zinazunguka kama mara 329,000 kwa dakika. Baadhi hupasuka hewani kabla hazijafika. Unaona kijimoshi cha kijivu katikati ya njia na karatasi safi.

Eti risasi ya mashindano ina tundu puani, kwa hiyo inatanuka. Tundu lile limetokana na namna inavyotengenezwa, ganda la nje likifinywa kuelekea mbele. Nyingine hupasuka vizuri, nyingine hupita kama sindano, hasa kasi ikiwa imeshuka. Watengenezaji wa risasi Sierra wenyewe wamesema kwa miaka mingi kwamba MatchKing, risasi yao ya mashindano, haikukusudiwa uwindaji. Tafuta nzito iliyoundwa kwa ajili ya mnyama, au yenye ncha ya plastiki, na uhakikishe kasi ya chini inayotajwa na mtengenezaji bado unayo kwenye umbali wako.

Eti nzito zote zitaingia kwenye magazini. Magazini ya kawaida ya .223 ya AR, bunduki inayojijaza yenyewe, inapokea risasi nzima isiyozidi inchi 2.26. Greini 77 imeundwa ikae humo. Greini 80 ndefu, wapigaji wa mashindano ya yadi 600 huzitia moja moja kwa mkono. Koyoti wa pili hatakusubiri.

Na mwisho ni yule anayenijia na tabasamu: amebadilisha mtutu, ana greini 88, sasa anataka yadi 700. Hapana, kaka. Nzito imepunguza kosa lako, haijaliondoa. Kwa umbali huo risasi inakaa hewani karibu sekunde nzima, na koyoti hatembei kwa ratiba yako; hatua moja tu inatosha kukupa tumbo badala ya moyo. Mimi mwenyewe, upepo ukivuka kilomita 25 na kuanza kuyumbayumba, sipigi ng'ambo ya yadi 300, hata mtutuni mkiwa na nini. Napuliza tena filimbi ya kumwitia yenye sauti ya sungura aliyejeruhiwa, naacha dakika tano zipite kimya, namsubiri asogee. Wengi husogea.