Dhima ya malipo katika matangazo: mteja asipolipa, nani anadaiwa?

Nyuma ya tangazo lolote unaloliona mtandaoni mara nyingi kuna pande tatu. Mteja ni mwenye bidhaa, wakala hupanga na kununua nafasi kwa niaba yake, na jukwaa (au gazeti, au televisheni) ndilo linalolirusha. Fedha hutoka kwa mteja, hupitia kwa wakala, huishia kwa jukwaa. Zikikwama njiani, jukwaa limdai nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa dhima ya malipo.

Wengi hudhani anayeandikiwa ankara ndiye mdaiwa. Si lazima iwe hivyo. Deni huamuliwa na mkataba, na hasa wakala ameuingia kwa nafasi gani. Akinunua kwa jina lake mwenyewe, anadaiwa yeye, hata kama mteja wake hajampa senti. Akinunua kama mwakilishi wa mteja aliyetajwa, kwa kawaida deni ni la mteja. Uingereza, desturi ya biashara hii tangu zamani imemhesabu wakala kuwa mnunuzi kwa jina lake mwenyewe. Marekani mvutano haujaisha.

Jambo hili lina mizizi ya mbali. Katika miaka ya 1860 huko Marekani, George P. Rowell alinunua nafasi za magazeti kwa jumla na kuwahakikishia wenye magazeti kwamba atawalipa, wenye matangazo wakilipa au wasilipe. Kwa hiyo kamisheni ya wakala haikuwa ujira wa kazi peke yake; ndani yake mlikuwa na malipo ya kubeba hatari. Baadaye kamisheni ya asilimia 15 ikawa kawaida kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Leo mawakala wengi wanalipwa ada ndogo kuliko hiyo, na bado kuna mikataba inayowabebesha hatari ileile ya enzi za Rowell.

Tupige hesabu. Kampeni ni ya dola 10,000, kamisheni ya wakala ni 1,500, jukwaa linatakiwa kupata 8,500. Jukwaa linataka fedha zake ndani ya siku 30. Mteja mkubwa amemwambia wakala atalipa baada ya siku 90. Wakala analipa kutoka mfukoni na kumkopesha mteja kwa miezi miwili bila riba. Siku ya 80 mteja anafilisika. Ili kuziba pengo la 8,500, wakala anahitaji kampeni nyingine karibu sita za ukubwa uleule, tena kamisheni yote iende kwenye pengo, bila mshahara wa mtu wala kodi ya ofisi. Ndiyo maana mawakala wanakipigania sana kifungu cha dhima ya mfuatano.

Maana yake ni hii: wakala anadaiwa na jukwaa kwa kiasi kile tu ambacho mteja ameshamlipa na fedha zimeingia. Ambacho hakijaingia, jukwaa linamdai mteja moja kwa moja. Masharti ya pamoja ya chama cha mawakala wa Marekani (4A's) na chama cha kampuni za matangazo ya mtandaoni (IAB), toleo la 3.0 la mwaka 2009, yameandikwa hivyo. Kifungu hiki kinamlinda mteja pia: akishamlipa wakala, na wakala akazitumia fedha hizo kwa mambo yake, jukwaa halirudi kwa mteja.

Kinyume chake ni dhima ya pamoja, ambapo mteja na wakala wanadaiwa wote wawili na kila mmoja kwa deni zima. Jukwaa linamfuata yule mwenye fedha. Hapo mteja aliyelipa kwa uaminifu anaweza kulipishwa mara ya pili wakala wake akifilisika. Vyombo vya habari vinakipenda kifungu hiki, na sivilaumu. Wao ndio wameshatoa huduma.

Kwenye matangazo ya kiotomatiki, ambako nafasi hununuliwa na kuuzwa na programu za kompyuta, mnyororo ni mrefu zaidi, kwani kati ya wakala na mwenye tovuti kuna kampuni za kununua nafasi kwa niaba ya watangazaji na kampuni za kuuza kwa niaba ya wenye tovuti. MediaMath, kampuni ya upande wa kununua, iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2023 ikidaiwa mamilioni ya dola na kampuni za upande wa kuuza. Kama mkataba wa kampuni ya kuuza unasema “tukilipwa ndipo tutakulipa”, hasara inateremka hadi kwa mwenye tovuti, ambaye huenda hajawahi hata kulisikia jina la aliyefilisika.

Kwenye majukwaa makubwa kama Google, wakala mdogo hapati nafasi ya kujadiliana. Anabofya kukubali masharti. Masharti ya Google yanamtaka wakala awe ameidhinishwa na mteja na awe amemfunga kwa masharti hayo. Kama hakumfunga, wajibu ambao ungekuwa wa mteja unamwangukia yeye. Tena, kadi ya malipo iliyounganishwa na akaunti ikiwa ni ya wakala, mjadala wote wa mfuatano unakosa maana, kwa sababu jukwaa limeshakata fedha zake na wakala amebaki kumkimbiza mteja. Kwa maoni yangu, wakala asiye na akiba kubwa asiweke kadi yake kwenye akaunti ya mteja hata siku moja. Akaunti iwe ya mteja, kadi iwe ya mteja, wakala adai ada yake tu.

Kuna mawakala wanaonunua nafasi kwa wingi na kuziuza tena kwa wateja wao kwa faida. Hao hawawezi kujificha nyuma ya “sisi ni wawakilishi tu”. Wamenunua, wanadaiwa.

Na dhima ya mfuatano haimkingi wakala dhidi ya makosa yake. Masharti ya 4A's na IAB yanazungumzia matangazo yaliyowekwa kulingana na agizo. Agizo likisema dola 500 kwa siku, mfanyakazi wa wakala akaandika 5,000, zile 4,500 za ziada mteja hakuziagiza, na jukwaa limeshatoa huduma. Anayebaki kulipa ni wakala. Akigundua baadaye kwamba hata jukwaa lilikosea hesabu, awahi: masharti ya Google yanatoa siku 60 tu za kupinga malipo tangu yalipotozwa.