Programa ya bei poa kwa bodi za majaribio: ninachonunua na ninachokwepa

Kadi ya kwanza niliyoiua ilikuwa microSD ya GB 8, nzima kabisa mpaka dakika ile. Nilikuwa natengeneza kifaa cha kuweka rekodi ya joto ndani ya masanduku ya barafu ya muuza samaki mmoja pale Feri, Dar es Salaam. Bodi haikuwa na makuu: chipu ya ATmega328P inayolishwa volti 3.3, kihisi kimoja cha joto, na kijumba cha kadi. Nikachomeka programa yangu ya bei poa (kile kifaa cha kuingizia programu kwenye maikrokontrola, ile chipu inayoendesha bodi; simzungumzii mwandika programu), nikahakikisha jampa (kiunganishi kidogo cha kuchagulia volti) imekaa kwenye 3.3, nikapima pini ya umeme (VCC) kwa mita, ikasoma 3.3 safi. Nikaingiza programu, chipu ikapokea bila ubishi. Kadi haikusomeka tena: si kwenye bodi, si kwenye kompyuta, si kwenye simu.

Nikasema ni kadi feki, mambo ya mjini hayo. Nikanunua nyingine. Nayo ikaenda na maji.

Ndipo nilipoigeuza programa yenyewe. Nikaweka mita kwenye mlio (inalia ncha zake mbili zikiwa zimeunganika), ncha moja kwenye pini ya 4 ya ile chipu ya ATmega8 iliyobandikwa juu yake, ncha ya pili kwenye volti 5 zinazoingia kutoka USB. Ikalia. Kumbe jampa ile ilikuwa inabadilisha umeme wa kwenda kwenye bodi yangu tu. Chipu ya programa ilikuwa inakula volti 5 muda wote, kwa hiyo lolote ililosema kupitia waya za MOSI (ya kupeleka data), SCK (ya mapigo) na RESET (ya kuanzisha chipu upya) ililisema kwa volti 5. Na kadi ya SD ilikuwa imekaa kwenye waya hizohizo za MOSI na SCK, ikipokea volti 5 wakati imetengenezwa kwa 3.3.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue programa gani ya bei nafuu, nami humuuliza maswali mawili kabla sijataja jina lolote: chipu yako ina mlango gani wa kupokelea programu, na bodi yako inakula volti ngapi? Bei inakuja baadaye, na mara nyingi tofauti ya bei kati ya hizi za chini ni nauli ya bodaboda tu.

Kwanza niwaondoe wasiohitaji kununua chochote. Ukiwa na Arduino Uno, Nano, au bodi yoyote ya ESP32 yenye tundu la USB, programa unayo tayari. Kwenye Uno na Nano kuna butiloda, programu ndogo iliyokwisha kuingizwa kiwandani inayopokea programu yako kupitia waya wa USB. ESP32 nayo ina ya kwake ndani ya chipu. Kama kompyuta haiioni bodi, kabla hujalaumu draiva ya CH340 (chipu ya USB ya bodi) badilisha waya. Waya nyingi za USB tunazouziwa ni za kuchajia tu, ndani hazina nyuzi za data. Nina waya mmoja wa namna hiyo nimeufunga fundo ili nisiutumie tena kwa bahati mbaya.

Programa unaihitaji siku unapoondoka kwenye bodi ya dukani na kuweka chipu tupu kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia bila kulehemu), au kwenye bodi uliyochora mwenyewe.

Kwa chipu za AVR za zamani, yaani ATmega328P, ATtiny85 na ndugu zao, mlango unaitwa ISP, na programa ya bei poa inayojulikana kuliko zote ni USBasp. Aliyeibuni ni Mjerumani, Thomas Fischl, akaiachia mchoro na programu yake vitumike na yeyote, ndiyo maana viwanda visivyo na majina vinaitoa kwa wingi. Ndiyo hiyohiyo iliyoniulia kadi. Bado naipendekeza, na nitaeleza kwa nini.

USBasp ina kasoro tatu kubwa, na zote zinajulikana. Ya kwanza nimeshaisimulia: kwenye nakala nyingi jampa ya 3.3 haigusi waya za data. Ya pili ni kasi. Chipu mpya ya ATmega328P ikitoka kiwandani inakimbia kwa MHz 1, kwa sababu saa yake ya ndani ni ya MHz 8 na kuna fyuzi (mpangilio unaohifadhiwa ndani ya chipu) inayoigawa kwa 8. Kanuni ya ISP ni kwamba mapigo ya SCK yawe chini ya robo ya kasi ya chipu, yaani hapa chini ya kHz 250. USBasp ikiachwa ijiendee inapiga kHz 375. Matokeo yake avrdude, programu ya kompyuta inayoiendesha programa, inakuambia chipu haijibu, wewe unaitupa chipu nzima ukidhani umeuziwa mbovu. Ongeza tu -B 10 kwenye amri yako, mapigo yatashuka mpaka chini ya kHz 100, na chipu itaamka. Nimefufua chipu za vijana wengi kwa herufi hizo chache, wengine wakadhani nina dawa.

Ya tatu ni programu ya zamani iliyomo ndani ya programa yenyewe. Nakala nyingi zinakuja na toleo la kale ambalo halijui kupunguza kasi kwa amri, basi avrdude inalalamika kwamba imeshindwa kuweka SCK. Hapo kuna njia mbili. Ama unganisha jampa ya JP3, ambayo kwenye nakala nyingi ni matundu mawili tu yasiyo na pini, ulehemu mwenyewe. Ama uingize programu mpya kwenye USBasp kwa kutumia programa nyingine huku JP2 ikiwa imefungwa. Ndiyo, unahitaji programa ili kutengeneza programa. Ukiwa na Uno pembeni yameisha: pakia humo ule mfano wa ArduinoISP (unaoigeuza Uno kuwa programa), pini 10 iende kwenye RESET, 11 MOSI, 12 MISO (waya wa data inayorudi), 13 SCK, kisha weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND (hasi) za hiyo Uno ili isijizime na kujiwasha kila kompyuta inapofungua mazungumzo. Kapasita hiyo weka baada ya kupakia ArduinoISP, si kabla. Ukiiweka kabla, Uno haitapokea kitu.

Sasa kwa nini naipendekeza yenye kasoro hizi zote? Kwa sababu nimekuandikia kasoro zake kwa aya mbili na dawa zake umeshazipata. Kuna programa za bei ya kati, zina ganda zuri na taa za rangi, ambazo nimewahi kuzinunua nikaja kukwama na draiva inayopatikana kwenye CD tu, na kompyuta yangu haina pa kuingiza CD. Kati ya kifaa chenye ubovu unaojulikana na kifaa kizuri kisichojulikana na mtu, mimi naweka pesa kwenye cha kwanza.

Kwa bodi ya volti 3.3 lakini, USBasp siichomeki tena mojakwamoja. Siku za mwanzo niliweka chipu ya 74HC4050 katikati, nikailisha volti 3.3. Chipu hii inavumilia kupokea volti 5 kwenye pini za kuingilia na kutoa 3.3 upande wa pili. MOSI, SCK na RESET zote zikapitia humo, na kwenye RESET nikaongeza rezista ya 10k upande wa kuingilia kuipandisha juu, la sivyo chipu inajiwasha na kujizima yenyewe programa inapokuwa imenyamaza. MISO nikaiacha ipite wima, kwa sababu ATmega8 inayolishwa volti 5 inahesabu volti 3 na kuendelea kuwa ni moja. Ilifanya kazi, ila meza ilijaa waya kama kiota cha kunguru. Siku hizi natumia Arduino Pro Mini ya volti 3.3 iliyopakiwa ArduinoISP. Ni ya polepole, lakini waya zake zote zinaongea 3.3 tangu kuzaliwa. Yule muuza samaki kifaa chake kilimaliziwa hivyo, na kwenye bodi nikaongeza rezista ya 10k kwenye pini ya CS ya kadi (ile ya kuichagua) ili kadi inyamaze wakati chipu inaingizwa programu. Nisingeiweka, nayo ingekuwa inachangia maneno kwenye waya wa MISO.

AVR za kizazi kipya, kama ATtiny za mfululizo wa 0, 1 na 2, hazina ISP. Mlango wake ni UPDI, waya mmoja tu mbali na umeme na GND. Hapa huhitaji hata kununua programa: kile kigeuzi cha USB kwenda siro (mawasiliano ya data biti moja baada ya nyingine), ambacho wengi mnacho, pamoja na rezista ya 1k kati ya TX na RX (pini zake za kutuma na kupokea), kinatosha. RX unaiunga upande wa UPDI. Avrdude za siku hizi zinakijua kwa jina la serialupdi. Sijaona njia rahisi kuliko hii, na kwa mtu anayeanza leo bila mzigo wa zamani ningemwambia aanzie huku.

Ukihamia chipu za STM32 za kampuni ya ST, maana wengi huhamia baada ya kuionja ile bodi ya Blue Pill yenye STM32F103C8T6, mlango ni SWD: SWDIO, SWCLK, GND na 3.3. Programa inayozagaa ni nakala ya ST-Link V2, ile ndogo ya ganda la aluminiamu mfano wa flashi. Usiamini maandishi ya kwenye ganda. Mpangilio wa pini hubadilika mzigo kwa mzigo, na ganda la mzigo mmoja huvishwa bodi ya mwingine. Ganda huteleza, livue usome maandishi ya kwenye bodi yenyewe, kisha andika kwa kalamu ya wino mzito juu ya ganda lako. Mimi niliwahi kulisha 3.3 mahali pa GND kwa kuamini ganda. Bahati nilinusa mapema.

Kuna jambo lingine linalowafanya watu wairudishe ST-Link dukani ikiwa nzima. OpenOCD, programu ya kompyuta inayoongea na chipu kupitia SWD, inasimama ikilalamika kwamba namba ya utambulisho si ile iliyotarajiwa: imetegemea 0x1ba01477, imekuta 0x2ba01477. Hapo programa haina kosa. Bodi yako ndiyo imewekewa chipu ya kuiga badala ya ile ya ST. Badilisha thamani ya CPUTAPID kwenye faili la mipangilio, kazi iendelee, na ukumbuke wakati wa kununua bodi nyingine.

Faida ya SWD ambayo ISP haikupi ni kwamba unaweza kuisimamisha programu katikati ya safari ukachungulia ndani ya kumbukumbu, ujue kigeu fulani kimebeba nini. Ukishazoea hilo, kurudi kwenye kuwasha taa ili kujua programu imefika wapi kunakera. Na hapa kipenzi changu cha sasa si ST-Link tena, ni Raspberry Pi Pico. Bodi hii ilitoka Januari 2021 kwa dola 4 za Marekani. Ukiipakia programu ya debugprobe, ambayo ni kubonyeza kitufe cha BOOTSEL, kuchomeka USB na kuburuta faili moja, inageuka programa ya SWD: GP2 ni SWCLK, GP3 ni SWDIO, na GP4 na GP5 zinakupa siro ya kusomea ujumbe wa bodi yako kwa waya huohuo wa USB. Inaongea 3.3. Mwaka 2023 wenyewe Raspberry Pi walitoa Debug Probe, kitu kilekile kwenye kijisanduku chake, kwa dola 12. Kizuri, ila Pico mbili zinakupa programa na bodi ya kujifunzia kwa pesa pungufu.

PIC, familia nyingine ya maikrokontrola, nazipita haraka. Nakala za PICkit 3, programa yake, ziko nyingi na zinafanya kazi, lakini angalia kwanza kama toleo la MPLAB X (programu ya kompyuta ya PIC) unalotumia bado linaikubali. Kama huna sababu ya kuwa kwenye PIC, usiingie kwa ajili ya programa tu.

Na tafadhali, CH341A si programa ya maikrokontrola jinsi wengi wanavyoinunulia. Ile ya mafundi TV na mafundi laptopu, yenye kibanio cha rangi, ni ya kusomea na kuandikia chipu za kumbukumbu za mfululizo wa 24 na 25. Na toleo lake jeusi lina ugonjwa uleule wa USBasp: umeme wa 3.3, data ya volti 5. Fundi anayeijua vizuri ameshakata na kuirekebisha.

Nikienda Kariakoo kununua siku hizi nabeba laptopu na kikopo cha plastiki cha chakula. Ndani ya kikopo kuna bredibodi yenye ATmega328P moja, kapasita zake, na waya zilizokwisha kupangwa kutoka kwenye ule mkia wa pini 10 wa USBasp. Muuzaji mmoja alipokiona mara ya kwanza aliniuliza, "Kaka, umekuja na lanchi?" Nikachomeka programa ya kwanza, nikaomba utambulisho wa chipu, kompyuta ikarudisha 1E 95 0F. Hiyo nikaiweka kando. Ya pili ikarudisha sifuri tupu, na hata nilipoongeza -B 10 haikubadilika. Ya tatu ikarudisha sawasawa. Yule bwana akaichukua ile ya pili, akaitazama kidogo, akairudisha kwenye boksi pamoja na nyingine.