Dada wa kazi akiondoka, mtoto anapoteza nini?

Wazazi wanaoniletea watoto hapa Dodoma huanza na malalamiko yanayofanana. Mtoto wa miaka miwili na nusu alikuwa akilala vizuri, sasa anaamka usiku analia. Alishaacha kukojoa kitandani, ameanza tena. Chakula hataki, na mama akimpakata anajinyofoa. Tunazungumza kuhusu homa, minyoo, shule ya awali, mdogo wake aliyezaliwa. Baadaye sana, mara nyingi wakiwa wameshasimama waondoke, mmoja wao anakumbuka: "Halafu dada wa kazi aliondoka mwezi uliopita, sijui kama inahusiana."

Inahusiana. Ili nieleze kwa nini, itabidi nipitie kidogo nadharia za saikodainamiki, yaani ule ukoo wa mawazo unaoanzia kwa Sigmund Freud wa Vienna. Ni ukoo wenye ugomvi mwingi wa ndani, lakini wanaukoo wanakubaliana mambo mawili: kwamba mengi yanayotusukuma hatuyafahamu, na kwamba haiba ya mtu, yaani jinsi alivyo kitabia na kihisia, hujengeka ndani ya uhusiano wake na watu waliomlea utotoni, uhusiano ambao huendelea kumwongoza hata watu hao wakiwa mbali au wameshafariki.

Kwa Freud mwenyewe sitakaa sana. Mwaka 1923 aliigawa nafsi katika sehemu tatu: matamanio yasiyojua kusubiri, sauti ya makatazo tunayoirithi kwa wakubwa wetu, na sehemu ya katikati inayohangaika kuwapatanisha hao wawili na dunia ilivyo. Mgawanyo huo bado unanisaidia kazini. Hatua zake za ukuaji, za mdomo, haja kubwa na kadhalika, sizipeleki kwa mzazi yeyote. Alizijenga zaidi kutokana na kumbukumbu za watu wazima waliolala kwenye kochi lake kuliko kwa kuwatazama watoto wenyewe. Na ile hoja yake kwamba kila mvulana humwona baba yake kama mshindani ilipata upinzani mapema. Bronislaw Malinowski, aliyeishi katika visiwa vya Trobriand karibu na New Guinea, aliandika mwaka 1927 kwamba kule ukoo huhesabiwa kwa mama, mwenye amri juu ya kijana ni mjomba, na uhasama wa kijana humwelekea mjomba huyo huyo. Msomaji wa Gairo au wa Uluguru hatashangaa, kwani Wakaguru na Waluguru nao huhesabu ukoo kwa mama. Wagogo wa hapa Dodoma huuhesabu kwa baba. Yaani hata kabla basi halijafika Morogoro umeshapita kwenye malezi ya aina mbili.

Aliyebadilisha mambo kwangu ni John Bowlby, daktari Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1907. Kwenye nyumba za matajiri wa London wakati ule, mtoto alilelewa na yaya. Mama alionekana kwa muda mfupi tu kila siku. Yaya aliyempenda Bowlby aliondoka yeye akiwa na umri wa miaka minne hivi, na baadaye aliueleza msiba huo kuwa sawa na kufiwa na mama. Alipokuwa akisomea uchanganuzi wa nafsi, ile tiba ya mazungumzo ya Freud, msimamizi wake, Melanie Klein, alimkataza kuzungumza na mama wa mtoto aliyekuwa akimtibu. Kwa Klein, kilichohitaji kutibiwa ni picha zilizokuwa ndani ya mawazo ya mtoto. Bowlby hakuridhika. Alitaka kujua kilichotokea kweli: nani aliondoka, lini, na mtoto aliambiwa nini.

Mwenzake James Robertson aliwatazama watoto wadogo waliolazwa hospitalini enzi ambazo wazazi waliruhusiwa kuwatembelea kwa nadra. Yeye na Bowlby waliona vipindi vitatu. Kwanza mtoto hulia, hugoma, hutazama mlangoni. Kisha hunyong'onyea na kunyamaza. Mwishoni hutulia, hula, humchekea nesi yeyote, lakini mama akija humwangalia kana kwamba hamjui. Wauguzi walikifurahia kipindi hiki cha tatu, wakasema mtoto amezoea. Robertson aliona kwamba mtoto amejitenga.

Hapa kwetu neno ni hilo hilo: "Kashazoea." Dada ameondoka Jumatatu, kafika mwingine Alhamisi, wiki mbili za vilio, kisha kimya, na nyumba nzima inashusha pumzi. Nikiambiwa mtoto kamsahau dada kwa siku chache tu, wasiwasi wangu huongezeka.

Hebu tuangalie kalenda. Sheria ya kazi inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa mtoto zaidi ya mmoja. Baada ya hapo anarudi ofisini, pengine Mtumba kwenye mji wa Serikali, anaondoka alfajiri na kurudi jua limezama. Familia nyingi za watumishi waliohamia huku tangu mwaka 2016 bado zina mguu mmoja Dar es Salaam. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imewarudisha kina baba wengi wikiendi, wikiendi tu. Sasa, mtoto hujifunga kwa mlezi maalumu kuanzia miezi sita au saba hivi, na uhusiano huo huimarika hadi miaka miwili na zaidi. Saa nyingi za mchana katika miezi hiyo, nani anambeba mgongoni? Nani anajua kwamba mlenda anaukubali ukiwa wa vuguvugu tu? Binti aliyetoka Mpwapwa, Kongwa au Iramba.

Akina mama hukunja uso nikifika hapa, wakidhani nataka kuwaambia waache kazi. Sitaki, na ushahidi wenyewe hausemi hivyo. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikuwa akiketi sebuleni, akitazama nani anamshika mtoto na mtoto anafanya nini mama akitoka. Wengi wanafikiri nadharia hii ya mtoto kujifunga kwa mlezi ilizaliwa kwenye maabara ya Marekani. Jaribio lake maarufu la kule Baltimore lilikuja baadaye. Huko Uganda aliona kwamba kuwa na walezi wengi peke yake hakukumfanya mtoto akose utulivu. Jambo mojawapo lililoambatana na utulivu wa mtoto ni mama kuwa mjuzi wa mwanawe: aliyeweza kumsimulia mgeni, bila kulazimishwa, vijambo vidogo vidogo vya mtoto huyo. Nami hutumia swali hilo. Humwomba mzazi anisimulie siku moja ya mtoto wake. Wengine wanaweza kuongea nusu saa. Wengine wanasema, "Hayo dada ndiye anajua," na dada hayupo.

Kuna mtu mwingine ndani ya nyumba hiyo tunayemsahau. Erik Erikson, aliyefundishwa Vienna na Anna Freud, binti wa Sigmund, aliandika mwaka 1950 kwamba haiba inaendelea kukua maisha yote, katika hatua nane. Ya kwanza ni kujifunza kuiamini dunia au kutoiamini. Ya tano, ya ujana, ni kujijua: mimi ni nani, nafaa nini, nitakuwa nani. Dada wa kazi wengi ninaowaona wana umri wa hatua hiyo ya tano. Kwa hiyo binti anayetafuta yeye ni nani ndiye tunayemkabidhi mtoto anayetafuta kama dunia inaaminika, halafu tunamfukuza kwa sababu sukari imepungua. Akitukanwa mbele ya mtoto, mtoto anajifunza kitu kuhusu yule anayemtegemea. Mishahara na heshima ya mabinti hawa huzungumzwa kama suala la haki, na ni haki kweli, lakini mimi naliona pia kama suala la saikolojia ya mtoto.

Nisije nikamtisha mtu. Tafiti zilizowafuata watoto hadi utu uzima zinaonyesha kwamba uhusiano wa mwaka wa kwanza hutabiri mambo ya baadaye kwa kiasi cha wastani tu, na kwamba hali ikibadilika, mtoto naye hubadilika. Watoto pia huzaliwa na hulka tofauti. Yupo atakayelia siku mbili na yupo atakayelia miezi. Kuondoka kwa dada mmoja hakuharibu haiba ya mtu. Kinachonisumbua ni dada wa tano ndani ya miaka mitatu, kila mmoja akitoweka mtoto akiwa amelala.

Kwa hiyo msimtoroshe dada. Kama dada anarudi kwao, mtoto aambiwe siku chache kabla, kwa maneno mafupi, na dada mwenyewe awepo. Yule mpya aje yule wa zamani akiwa bado yupo, hata kwa siku mbili tatu. Mtoto akilia, alie, na asiambiwe dada amekwenda sokoni. Kama dada yuko tayari kuacha khanga moja, iachwe, tena isifuliwe haraka: Donald Winnicott, daktari wa watoto wa London, alieleza jinsi kitambaa kama hicho kinavyomshikilia mtoto kati ya mlezi aliyepo na mlezi asiyepo, na jinsi harufu yake ilivyo muhimu. Mpigieni dada simu Jumapili. Mtoto atalia baada ya simu hiyo, na mtasema bora msingepiga. Pigeni tena Jumapili inayofuata.