Si kila kichwa cha mja mzito ni kipandauso

Siku hizi kila kichwa kikiuma huitwa kipandauso, na kwa waja wazito ndiyo tunazidisha. Mwanamke wa miezi saba yuko kitandani, kajifunga leso kichwani, anasema anaona vimulimuli. Nyumba nzima, kuanzia mama mkwe hadi wifi, washakubaliana: kipandauso hicho, apakwe mafuta ya karafuu, alale, kitapoa.

Kipandauso ni maradhi ya mfumo wa neva, huja na kuondoka kwa miaka. Kichwa hupwita, mara nyingi upande mmoja, kwa saa 4 hadi 72, na mtu huchefukwa, hataki mwanga wala kelele. Wengine hutanguliwa na vimulimuli visivyozidi saa moja. Basi. Ni maradhi sugu: mwanamke huingia nayo kwenye mimba, kama anavyoweza kuingia na pumu au sukari.

Tena wengi wenye kipandauso hasa hupata nafuu mimba ikishavuka miezi mitatu, kwa sababu homoni ya estrojeni haipandi na kushuka tena kama ilivyokuwa kila mwezi. Sasa huyu ambaye hajawahi kukiugua maishani, kimemjia vipi mwezi wa saba? Huweza kutokea, lakini si dhana ya kuanza nayo.

Dhana ya kuanza nayo ni presha. Baada ya wiki ya 20, presha ya 140 kwa 90 au zaidi, pamoja na protini kwenye mkojo, ni maradhi yanayoletwa na mimba yenyewe. Nayo huuma kichwa, huleta vimulimuli, na wakati mwingine maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, ambayo watu huyaita vidonda vya tumbo. Ikiachwa, huweza kuishia kwenye degedege la kifafa cha mimba. Hicho nacho si kile kifafa ambacho mtu huishi nacho tangu utotoni, wala si mashetani, ingawa bado wapo wanaotangulia kwa mganga kabla ya spitali. Na kujifungua hakumalizi habari: huweza kutokea hata wiki kadhaa baadaye, arubaini haijatoka.

Mwenye kipandauso cha tangu usichana asijione kasalimika. Wenye maradhi haya hupata presha ya mimba zaidi kuliko wengine, kwa hiyo kichwa kikija kwa namna asiyoizoea, naye akapimwe.

Dawa nazo zina mambo. Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa dukani bila ya mtu kuulizwa ana mimba au hana, na kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Ergotamini, dawa ya kipandauso, haifai kabisa kwa mja mzito. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia, lakini kutuliza maumivu hakushushi presha.

Kwa hiyo, mama, kabla hujampaka mkweo mafuta, muulize mambo mawili: kichwa hiki alikuwa nacho kabla ya mimba? Na presha kapimwa lini? Akijibu "sijawahi" na "sikumbuki", mpelekeni kituo cha afya leo hii, msingoje siku ya kliniki.