Manly, Sydney: eti kiti cha chama kimoja tangu zamani?

Wengi wanaofuatilia siasa za Australia wanaamini viti vya bunge vya ufukweni kaskazini mwa Sydney, hasa Manly, ni mali ya wahafidhina, yaani chama cha Liberal, na havijawahi kutoka mikononi mwao. Inaeleweka watu kufikiri hivyo, maana nyumba za kule bei zake zinatisha na chama hicho kimeshinda mara nyingi kweli.

Ila rekodi inasema vingine. Kiti cha Manly kwenye bunge la jimbo la New South Wales, ambamo Sydney ipo, kilianzishwa 1927. Mwaka 1978 kikachukuliwa na chama cha mrengo wa kushoto, kikakaa nacho hadi 1984, halafu kuanzia 1991 mpaka 2007 wakakishika wagombea binafsi wawili mfululizo, miaka 16 hiyo jamani, si bahati ya uchaguzi mmoja! Wahafidhina wakakirudisha 2007.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba Manly ipo pia ndani ya kiti cha bunge la taifa kiitwacho Warringah, ambacho mgombea binafsi alikichukua 2019, kwa hiyo mtu anasoma habari ya kiti kimoja anadhani ni kile kingine.

Kuhakiki ni rahisi na bure: matokeo ya zamani yako kwenye tovuti ya bunge la New South Wales, tafuta jina la kiti, soma mwaka kwa mwaka, na angalia mipaka pia maana huwa inachorwa upya.